Mafiga Baridi ya Mama Jenoveva

Kule Malindi ya Lushoto, milimani, mwenye nyumba asiyetaka kukupa binti yake hakutukani wala hakufukuzi. Anakukaribisha vizuri, anakupa kigoda, anakuuliza habari za kwenu mpaka za ng'ombe. Ila jikoni kwake hapawashwi moto. Basi. Ukikaa mpaka jua likageuka na hujasikia harufu ya kitu kinachochemka, shika kofia yako, aga kwa adabu, nenda zako. Umekwisha kujibiwa.

Imelda aliyajua hayo tangu utoto wake. Ndiyo maana asubuhi ile, alipoingia jikoni na kumkuta mama yake ameketi mbele ya mafiga matatu, majivu yamezolewa yote na sakafu imefagiwa hadi pembeni, alijua jibu limekwisha kutolewa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama. Mama, leo hatuwashi moto?"

"Chai nimechemsha kwa shangazi yako. Iko kwenye birika, kanywe."

"Na wageni?"

"Wageni watakaa," alisema Mama Jenoveva. "Viti vipo."

Eti viti vipo! Imelda alisimama pale mlangoni na kikapu chake mkononi, asijue aingie au atoke. Alikuwa ametoka ukingoni mwa msitu, umande umemlowesha mpaka magotini. Vuli ilikuwa imenyesha vizuri mwaka ule, na sasa jua la Desemba lilikuwa limeanza kuchoma asubuhi. Hapo ndipo uyoga hujitokeza, na msichana mwenye akili hawaachii nyani.

"Huo uyoga wa nani?" mama aliuliza bila kugeuka.

"Wa msimu, mama. Usipookotwa leo, kesho una funza."

"Basi utapikwa kesho, na funza wake."

Mama Jenoveva hakuwa mwanamke mkali, mtu asije akamsingizia. Alikuwa mjane mwembamba mwenye mikono mipana ya mfinyanzi, na vyungu vyake vilijulikana mpaka Lukozi na Soni. Katika watoto wote aliowazaa Mungu alimwachia mmoja tu, huyu Imelda. Mwaka huu wa saba wa Uhuru binti alikuwa ametimiza ishirini na mbili, na alikuwa amependa. Hilo ndilo lililokuwa kosa lake.

Aliyempenda aliitwa Anselm. Alikuwa Mngoni, kijana mrefu wa sauti ya chini, mtunza vitalu vya miche ya chai upande wa Mponde. Walijuana katika soko la Soni, Imelda akiuza vyungu vya mama yake. Anselm alinunua kimoja. Jumamosi iliyofuata alirudi akisema kinavuja, akapewa kingine. Iliyofuata alirudi kutafuta mfuniko. Mara ya nne alipotokea tena, akikishika chungu na kukigeuzageuza kama mtu anayechagua kuku, Imelda alimtazama usoni akamwambia, "Kaka, wewe huna shida ya vyungu." Na Anselm akajibu, "Kweli, dada. Sina." Wakacheka wote wawili, na kuanzia siku ile Jumamosi ikawa haifiki upesi.

Kilichoharibu mambo ni hodi. Mwezi wa kumi Anselm alipanda Malindi kumtafuta Imelda, akauliza njiani, akaambiwa yuko na mama yake kule bondeni. Akashuka mbio mbio na furaha zake. Hakuna aliyemwambia kuwa kule bondeni ndiko wanawake wanakofinyangia, na kwamba mahali pale mwanamume hafiki, awe mume, awe padri, awe mfalme. Akatokea kwenye migomba akipiga hodi na kutabasamu. Wanawake walipiga yowe, wakafunika udongo kwa kanga zao. Siku chache baadaye Mama Jenoveva alivichoma vyungu vyake vya msimu mzima, navyo vikapasuka motoni kimoja baada ya kingine, paa, paa, kama bisi. Jioni ile akasema neno moja tu: "Mwanamume yule asinikaribie."

Na sasa anakuja, pamoja na baba yake mdogo, kuposa. Siku ilikuwa imekubaliwa na shangazi Dorothea, dada wa marehemu Mikaeli baba yake Imelda, kwa kuwa shangazi ndiye mwenye mdomo katika mambo ya ndoa. Haikuwezekana kungoja. Baada ya Krismasi Anselm anahamishiwa Mufindi, kwenda kuanzisha vitalu katika vijiji vipya. Akiondoka bila jibu, ameondoka.

Imelda alikuwa na siri moja. Tangu jana alikuwa ameroweka mahindi na maharage, akaficha bakuli chini ya kitanda. Hakujua kwa nini. Mtu anayependa hufanya mambo ya kijinga, halafu anayaita matumaini.

* * *

Wageni walifika jua likiwa bado la upande. Imelda aliwaona kutoka dirisha la jikoni wakipanda kijia, mzee mbele na kijana nyuma amebeba mzigo begani. Anselm alikuwa amenyoa, amevaa shati jeupe, na viatu vyake vilikuwa vimejaa tope jekundu. Aliponyanyua uso macho yao yalikutana, naye akapunguza mwendo kidogo, kana kwamba amesahau alikokuwa anakwenda.

"Tazama mbele, utaanguka," baba yake mdogo alimwambia.

Huyo baba mdogo aliitwa Mzee Tobia. Nusu ya maisha yake aliimaliza katika mashamba ya mkonge Korogwe, akila na kulala kambini na watu wa kila kabila. Alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuita wenzake kutoka mbali, na moyo mweupe kama maziwa.

"Hodi hapa!"

"Karibuni, karibuni," shangazi Dorothea aliwapokea barazani. "Poleni na safari."

"Tumeshapoa, dada. Milima yenu hii imetukata pumzi, lakini macho yameshiba."

Mama Jenoveva alitoka akasalimiana nao kwa heshima zote. Anselm aliinama mpaka kichwa kikakaribia magoti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," alisema, na macho yake akayapeleka kwenye migomba.

Mizigo ikafunguliwa. Kulikuwa na nazi kutoka Korogwe, zinalia maji ndani. Kulikuwa na kikapu cha plamu nyekundu za kwanza za msimu, zimeiva mpaka zinapasuka ngozi, ambazo Anselm alizichuma kwa ruhusa kwenye miti ya misheni. Shangazi Dorothea hakungoja kukaribishwa. Alichukua moja, akaifuta kwenye kanga, akaing'ata mpaka maji yakamchuruzika kidevuni.

"Zawadi yenyewe bado," alisema Mzee Tobia. "Anselm, itoe."

Anselm akafungua gunia, akatoa sufuria la chuma, zito, jeusi, lenye miguu mitatu na mfuniko wake. Alikuwa amelipata kwenye mnada wa mzungu mmoja aliyefunga nyumba yake akarudi kwao, na alikuwa amelibeba begani kutoka Lushoto.

"Nilipoliona nikakukumbuka, mama," alisema taratibu. "Nikasema mtu anayejua kupika atalipenda."

"Na uimara wake!" Mzee Tobia alidakia, akaligonga kwa fimbo yake likalia ngo! "Hili, mama, ulitupe kutoka hapa mpaka Mombo. Halipasuki!"

Shangazi Dorothea aliacha kutafuna. Imelda, kule dirishani, alijiziba mdomo kwa mkono. Lo, mzee huyu! Katika nyumba zote za dunia, sufuria lisilopasuka analileta kwa mfinyanzi ambaye vyungu vyake vimepasuka. Na Anselm naye alikuwa amefumba macho, maana amekwisha kuelewa, lakini neno limeshatoka.

"Asanteni," alisema Mama Jenoveva. "Lina miguu yake. Halihitaji mafiga ya mtu." Akageuka, akarudi jikoni, akaketi kwenye kigoda chake mbele ya mafiga yake baridi.

* * *

Walikaa. Walizungumza habari za mvua, za mkonge, za bei ya viazi. Jua likapanda. Shangazi akala plamu, mbegu akazitemea mkononi akazipanga ukingoni mwa baraza. Imelda aliwaletea maji ya kunywa, na alipompa Anselm kikombe vidole vyao viligusana.

"Mama yako ni mgonjwa?" Anselm alinong'ona.

"Si mgonjwa."

"Basi ana nini? Na wewe mbona macho yako yamejaa machozi?"

Angemwambia nini? Mgeni haambiwi kuwa anakataliwa, anaachwa ajionee. Alitikisa kichwa akarudi ndani, akasimama nyuma ya mama yake.

"Mama."

"Sema."

"Kama hutaki niolewe, sitatoroka. Sijalelewa hivyo. Nitabaki hapa nikuchotee maji na kukubebea udongo. Lakini mama, nampenda. Nimempenda kwa moyo wangu wote, na akiondoka leo nitakuwa nakaa na wewe nikiwa baridi kama hayo mafiga."

Bega la Mama Jenoveva lilitikisika kidogo. Akaokota unyasi sakafuni akaanza kuukatakata vipande vidogo vidogo.

Kumbe huku barazani Mzee Tobia naye alikuwa amefikiri. Alikuwa ametazama paa la jiko muda mrefu, hakuona moshi, na moyo wake mweupe ukamwambia sababu.

"Anselm," alisema kwa sauti aliyodhani ni ya chini, "watu hawa wanaona haya. Mvua hii imelowesha kuni zao. Kambini kwetu mtu ukimkuta mwenzio jiko limezima huulizi, unamwashia. Hebu inuka ukawasaidie."

"Baba mdogo, jikoni kwa watu?"

"Jikoni ndiko moto unakowashwa. Ulitaka uwashwe kanisani?"

Anselm alivua shati lake jeupe, akalitundika kwenye mti, akabaki na fulana. Akaliona shoka limeegemea ukuta. Shangazi Dorothea alitaka kumzuia, mkono ukamfika nusu njia, halafu akautazama uso wa kijana yule anayechagua gogo la kupasua kwa bidii ya mtu aliyeitiwa kazi, akaurudisha mkono akachukua plamu nyingine. "Mungu wangu," alijisemea, "ngoja nione."

Kuni zilipasuliwa. Anselm alizikusanya kifuani, akasimama mlangoni pa jiko.

"Hodi, mama."

Sasa sikiliza mambo ya dunia. Mama Jenoveva alikuwa amejiandaa kwa kila kitu siku ile, ila si kwa hodi. Tangu alipojua kusema, hajawahi kuisikia hodi akanyamaza. Neno lilimtoka lenyewe.

"Karibu."

Na Anselm akaingia. Akapiga goti mbele ya mafiga, akapanga vijiti vidogo chini na vikubwa juu, akawasha kiberiti, akainamisha kichwa akapuliza. Moshi ukapanda, ukakata kona, ukatoka chini ya paa. Kule nje Mzee Tobia alipiga makofi. "Si nilisema? Kuni tu!"

Imelda alimtazama mama yake. Mama yake aliutazama moto. Ulikuwa unalia kwenye mafiga yake mwenyewe, umewashwa na mtu yule yule ambaye mama alikusudia kumnyima moto, naye kijana anajifuta machozi ya moshi na kutabasamu kama mtoto aliyefanya vizuri.

"Moto uko sawa, mama? Nipunguze kuni?"

Shangazi Dorothea alikuwa amefika mlangoni. Alishika miimo miwili, akacheka mpaka akakaa chini. "Wifi yangu! Leo umepatikana! Mafiga yamejibu kabla yako!"

"Mimi sikuwasha," alisema Mama Jenoveva.

"Hujawasha, lakini umekaribisha mwashaji!"

"Sikuwasha, Dorothea. Na nisichowasha sikipakui."

Anselm alitazama huyu akatazama yule. Tabasamu likamwisha. "Nimekosa tena?" aliuliza. "Imelda, nimekosa nini?"

Hapo Imelda alifanya jambo ambalo mpaka leo hajui alilipata wapi. Alikwenda chumbani, akatoa bakuli lake chini ya kitanda, mahindi na maharage yamefura. Akateremsha chungu kikubwa cha mama yake, kile cheusi kilichopika makande ya ubatizo wake na ya matanga ya baba yake. Akakisimamisha mbele ya moto.

"Mama, nikiweke?"

Moto ulipasua kijiti.

"Mama, ukisema nisikiweke, sikiweki. Lakini useme kwa mdomo wako. Si kwa mafiga."

Mama Jenoveva alifungua mdomo. Akamtazama bintiye, akatazama lile bakuli lililofichwa usiku kucha. Neno halikutoka. Imelda akakiweka chungu juu ya mafiga.

* * *

Makande si chakula cha haraka, na siku ile hakuna aliyetaka yawahi. Maadamu chungu kilikuwa kinachemka, jibu lilikuwa bado. Shangazi Dorothea alileta mbuzi yake ya kukunia nazi, na Mzee Tobia, ambaye kukaa bure kulimchosha, akavunja nazi zake. Anselm ndiye aliyeikalia ile mbuzi na kuzikuna, maana wanaume wa kambini hawana dada wa kuwakunia. Imelda alikamua tui la kwanza na la pili. Halafu, kwa kuwa mafiga yalikuwa na chungu tayari, alisogeza makaa pembeni akalisimamisha pale sufuria la chuma kwa miguu yake. Akaweka mafuta, kitunguu na nyanya. Uyoga ulipoingia ulilia kwanza, kisha ukanywea, ukatoa maji yake meusi matamu, na harufu ya msitu uliolowa ikajaa jiko zima.

Mama Jenoveva alikuwa bado kwenye kigoda chake. Hakugusa kitu. Lakini pua haina mlango, na Imelda alimwona akivuta pumzi.

"Utaungua," mama alisema ghafla. "Chuma kinashika moto kuliko chungu. Utoe makaa."

Imelda akatoa makaa.

Anselm alikuwa amemaliza nazi. Alinawa mikono, akavaa shati lake, akarudi akapiga magoti pale pale sakafuni, mbele ya Mama Jenoveva, karibu na mlango.

"Mama, naomba niseme."

"Sema."

"Shangazi amenieleza sasa hivi habari ya mafiga. Sikujua. Ningejua nisingeingia, ningekaa barazani nikajibiwa kwa heshima kama wengine. Naomba radhi kwa hilo. Lakini kuna kubwa zaidi. Vyungu vyako vya mwezi wa kumi nilivipasua mimi. Nilikanyaga mahali pasipo pangu, kazi yako ya msimu mzima ikateketea. Tangu siku ile nimekuwa nikitafuta namna ya kusema. Sufuria lile lilikuwa neno langu la kuomba radhi, na hata lenyewe limekuwa tusi. Nimekosa, mama. Usinipe binti yako kama moyo hautaki. Ila unisamehe vyungu."

Alisema hayo yote bila kuinua macho. Imelda alitaka kukimbia akamshike mkono, akashikilia mwiko badala yake.

Mama Jenoveva aliitazama mikono yake, akaigeuza.

"Inuka," alisema.

"Mama..."

"Inuka, nasema. Usinipigie magoti kwa kosa lisilo lako."

Shangazi Dorothea alinyanyua kichwa.

"Vile vyungu vilikuwa vibichi," alisema Mama Jenoveva. "Ukungu ulikuwa umetushika wiki nzima, havikukauka. Niliviona. Nikabonyeza kimoja kwa kidole, kikaingia. Mfinyanzi wa miaka yote hii asijue chungu kibichi? Nilijua. Nikavichoma hivyo hivyo kwa haraka ya soko, vikapasuka kama vinavyopasuka vibichi vyote. Halafu nikakuona wewe uko karibu, nikakubebesha."

"Jenoveva!" shangazi alisema.

"Niache, Dorothea. Nilikuwa nimekwisha kuwaona wanavyotazamana. Nikajua huyu atanichukulia. Angekuwa wa Lukozi ningefurahi, angekuwa wa Bumbuli ningecheza ngoma. Huyu ni mtu wa mbali, na sasa anakwenda Mufindi, sijui hata ni upande gani jua linatokea huko." Alimtazama bintiye. "Nina mmoja tu. Nikiugua nani atanipa maji? Nikifa nani atanifumba macho?"

Imelda aliuacha mwiko. Alikwenda akapiga magoti akamkumbatia mama yake kiunoni, kichwa akakiweka mapajani kama alivyokuwa akifanya utotoni, na wote wawili wakalia. Anselm alisimama mlangoni, machozi yakimtoka naye bila aibu. Hata Mzee Tobia kule barazani alinyamaza, na hilo halikuwa jambo dogo.

"Mama," Anselm alisema mwishowe, "nikikwambia tutarudi mwaka kesho nitakuwa nakudanganya. Wanaonituma ndio wanaojua. Ninachoweza kukuahidi ni kwamba sitamzuia kuja kwako. Siku atakayosema anamtaka mama yake, nitampeleka stendi mwenyewe, na nafasi ikiwepo nitakuja naye."

Mama Jenoveva alimtazama sana. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kumtazama usoni.

"Hukuapa," alisema.

"Sikuapa, mama."

"Afadhali. Baba yake naye hakuwa mtu wa viapo." Alijifuta macho kwa ncha ya kanga. Kisha akauliza, polepole, kama mtu anayejaribu daraja kwa mguu mmoja, "Huko kwenu, wanawake wanafinyanga?"

"Wanafinyanga, mama."

"Wanafinyangia wapi?"

Anselm alifungua mdomo, halafu akaufunga.

"Sijui, mama," alisema. "Mimi ni mwanamume. Huko sifiki."

Shangazi Dorothea alipiga yowe la kicheko, akapiga paja. Mama Jenoveva alijaribu kuizuia midomo yake, ikamshinda. Akacheka huku machozi yakiwa bado mashavuni, na Imelda akalihisi tumbo la mama yake likitikisika chini ya kichwa chake. Hakuwa amelisikia likitikisika hivyo tangu baba yake afariki.

"Ondoka hapa, unanichomea makande," mama alimwambia bintiye, akamsukuma kwa upole. Akainuka. Akafunua chungu, akatia tui la kwanza, akakoroga, akaonja. Akafunua sufuria la chuma, akachota uyoga mmoja, akautafuna taratibu huku kila mtu akimngoja yeye.

"Sufuria hili litabaki hapa kwangu," alitangaza. "Halipasuki, mmesema wenyewe. Kitakachokwenda Mufindi ni chungu."

"Mama, njia ile yote?" Imelda alishtuka. "Si kitavunjika?"

"Kitavunjika. Kama si njiani, mwakani." Mama Jenoveva alimgeukia Anselm. "Na kikivunjika, utamleta aje achukue kingine. Si ndiyo kawaida yako? Soni ulikuwa unarudi kila Jumamosi."

Imelda aliona haya mpaka masikioni. Kumbe mama alijua tangu mwanzo!

"Mama," alisema Anselm, "mimi vyungu havikai mikononi mwangu."

"Nimesikia hivyo."

Akachukua upawa ukutani. Imelda alinyoosha mkono ampokee, mama akamkatalia. Akapakua mwenyewe. Sahani ya kwanza ilikwenda kwa Mzee Tobia barazani, kwa mkono wa shangazi. Ya pili aliijaza makande mpaka ikafura, akaweka uyoga juu, akaishika kwa mikono yake yote miwili mbele ya kijana.

"Pokea, mkwe wangu," alisema. "Na sasa utoke jikoni kwangu. Mkwe hakai kwenye mafiga ya mama mkwe wake."

Anselm akapokea, akainama, akatoka kinyumenyume na sahani yake. Imelda alikaa chini kwenye kigoda cha mama yake, akajifunika uso kwa mikono.

"Unalia nini tena?" mama aliuliza.

"Moshi, mama."

"Aha," alisema Mama Jenoveva, akachochea kuni.